Krismasi Yetu Ilianza Julai

Krismasi iliwekwa mwezi mbaya kwa mkulima wa kahawa. Kwetu Songambele, mkoani Kagera, kahawa huanza kuvunwa Mei, fedha zake huonekana katikati ya mwaka, na Desemba ikifika nyumba nyingi zimebaki na risiti za chama cha msingi na deni la dukani. Mbele imekaa Januari na sare zake, madaftari yake na michango yake. Elimu bila ada iliyoanza 2016 imepunguza mzigo huo, haijauondoa. Sikukuu inatua hapo katikati: watoto wanadai nguo mpya, wageni wako njiani kutoka Mwanza na Dar es Salaam, na mwenye nyumba hana kitu. Huo ndio wakati mtu wa butura hupita.

Kwa msomaji asiye wa Kagera, butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa bado maua, kwa bei anayoitaja mwenye fedha. Anakagua mibuni kwa macho, analipa jioni ile ile, halafu msimu ukifika anakuja kuvuna kilicho chake. Serikali imeipiga marufuku, na viongozi wameikemea kwenye mikutano miaka nenda miaka rudi. Haijaisha, kwa sababu haifanyiki kwenye mikutano. Hufanyika nyuma ya nyumba, kati ya baba mwenye aibu na mtu mwenye pesa taslimu. Nimeshuhudia safu nzima ya mibuni ikiondoka kwa gauni mbili za watoto na kreti la soda.

Bibi yangu mzaa baba aliichukia butura kuliko alivyomchukia panya wa ghalani. Hakuwahi kutuhubiria juu yake. Alichofanya ni kuanza Krismasi Julai.

Nilizaliwa kabla ya vita vya Kagera, na utoto ninaoukumbuka ni wa baada yake. Songambele wakati huo ilikuwa Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilikuja kumegwa baadaye sana, mwaka 2012. Vita viliisha 1979 na maduka yakakauka. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na kanga ikisikika imefika mahali, watu walitembea kuifuata. Katika hali hiyo hata mwenye fedha hakuwa na cha kununua. Mwalimu mkuu, katekista, mwenye mibuni mingi na asiye na hata mmoja, wote walipeana vitu vilivyotoka mikononi mwao, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaingia, na bidhaa za Uganda zikawa zinavuka mpaka pale Murongo. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mtu akiitwa maskini kwa sababu kikapu chake cha zawadi kimesukwa nyumbani. Aibu ile ililetwa na bidhaa. Kabla yake haikuwepo.

Bibi hakuisikiliza aibu hiyo. Julai, kiangazi kikiwa kimekaza, aliwatuma baba zangu wadogo bondeni kukata mafunjo, maana ya masika hunyonya maji na mkeka wake huota ukungu. Walikata yaliyokomaa, wakayaleta mzigo kwa mzigo kichwani, na sisi watoto tukayapasua na kuyaanika. Ukindu ulikatwa wakati huo huo. Mtu akimwambia kwamba Krismasi bado, alimjibu, "Wewe endelea kungoja, mwanangu. Mimi nitakuuzia kikapu Desemba." Hakuwahi kumuuzia mtu, lakini alipenda kulisema.

Kitu cha kwanza kuwa tayari kilikuwa kahawa ya kutafuna, ambayo wengi Kagera huiita akamwani. Wapo wanaodhani kahawa lazima iwe kwenye kikombe. Kwetu, tangu zamani, mgeni hupewa punje za kuweka mdomoni. Hiyo ndiyo "karibu" ya kwanza, kabla hata hajaulizwa habari za safari, na zamani watu wawili waliokuwa wakifunga undugu wa damu waligawana buni. Bibi alichuma robusta ikiwa bado haijaiva vizuri, akaichemsha na majani yenye harufu ambayo kila ukoo una yake na hauyatangazi, kisha akaianika siku nyingi, akiigeuza na kuiingiza ndani kila wingu lilipopita. Kazi ya kuchemsha ni ya mchana mmoja, ila kuianika hukutaka uwe mtu wa kukaa nyumbani. Ikishakauka ukiitikisa inalia. Hapo ilifungwa kwenye magamba makavu ya mgomba, vifurushi vyembamba vilivyokazwa kwa nyuzi za mgomba huo huo, na kuning'inizwa juu ya jiko, mahali moshi unapofika bila joto kali.

Shamba lilikuwa letu, kuni zilikuwa zetu, na magamba ya mgomba kila mtu huyakanyaga. Kwa hesabu ya dukani, kifurushi kile hakikugharimu hata senti. Lakini nilipokuwa mkubwa kidogo nikaona jambo ambalo liko mbali na gharama: bibi hakuwapa watu wote kahawa. Mzee jirani yetu aliyebakiwa na meno machache alipata mto uliojazwa majani makavu ya mgomba yaliyochambuliwa, laini, kwa sababu alilalamika shingo mwaka mzima. Mke wa katekista alipata ngata ya kuchukulia maji, iliyosukwa kwa kipimo cha kichwa chake. Bibi alimpima kwa kisingizio cha kumsuka nywele. Kahawa ilikwenda kwa watu wenye wageni wengi. Kila zawadi ilikuwa imeanzia kwenye lalamiko ambalo mtu alilitoa akalisahau.

Nilikuja kukutana na tabia hiyo mahali nisipoitegemea. Wapelelezi Speke na Grant walifika Karagwe mwishoni mwa 1861 wakitafuta chanzo cha Nile, wakawa wageni wa Mfalme Rumanyika, na sikukuu ikawakuta huko. Speke ameandika kwamba siku ya Krismasi Rumanyika alimpelekea ng'ombe, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Waingereza siku hiyo hula nyama ya ng'ombe. Hapakuwa na kanisa hata moja Karagwe yote. Mfalme hakuwa na habari na Bethlehemu. Alichojua ni kwamba mgeni wake ana siku yake na chakula chake, na zizini mna ng'ombe. Sikumbuki kusikia Krismasi ya zamani zaidi ya hiyo katika nchi yetu ya Karagwe, na zawadi yake ilitoka nyumbani kwa mtoaji.

Agosti hadi Oktoba kulikuwa ni kusuka. Sitaeleza namna ya kuanza kitako cha kikapu kwa maandishi, maana sijaona mtu aliyejifunza hivyo. Mtafute mama mmoja umkalie karibu. Nitasema tu kinachonunuliwa: sindano ya gunia na rangi ya unga, ile inayouzwa gulioni kwenye vipakiti vidogo. Ukindu huchemshwa na rangi na chumvi kidogo. Bibi alinunua zambarau na kijani, basi, na alizichanganya na rangi asili ya ukindu kwa ubahili uliogeuka kuwa uzuri. Vikapu vyake vilikuwa na mstari mmoja tu wa zambarau karibu na mdomo. Wanawake wengine walijaza rangi toka chini hadi juu, na hadi leo naona vya bibi vilikuwa na heshima zaidi, ingawa naye alikuwa akibana senti tu.

Mama yangu hakuwa msusi. Yeye alifuma. Sweta kuukuu zilizochanika viwiko alizifumua, uzi akauosha, akauviringa kwenye kipande cha mti na kuufunga na jiwe ili unyooke, kisha akafuma vitambaa vya meza na vya makochi, hata kwa nyumba zisizo na kochi, na kofia za watoto wachanga. Asubuhi zetu ni za baridi, ukungu hukaa mabondeni hadi saa tatu. Kofia ya sufu kwa mtoto wa Novemba si pambo. Alidarizi pia. Kipande cha marekani, nyuzi mbili tatu, maneno ya kumkaribisha mgeni na ua moja pembeni. Nina kitambaa chake kimoja na ua lake halijafanana na ua lolote ninalolijua.

Hapa nina neno la kusema, kwa sababu wanaosifu zawadi za nyumbani hulipita. Tunaposema zilikuwa bure, tunasema hivyo kwa sababu hakuna aliyehesabu saa za bibi na mama. Mama alifuma usiku kwa mwanga wa kibatari baada ya kutoka shamba, kupika na kuosha vyombo, na baba aliyelala mapema ndiye aliyetajwa kanisani kwamba nyumba yake ni karimu. Watu wa mjini wanaotaka kufufua mambo haya waanze kwa kugawana kazi. Wanaume wa Songambele walijua kusuka matenga ya kubebea ndizi na kuchonga mipini ya majembe. Vidole vyao havikuwa na kasoro.

Novemba mvua zikikolea, macho yote yalihamia angani. Senene. Msimu wao mkubwa huangukia Novemba na Desemba, jambo ambalo mimi nimelichukulia siku zote kama huruma ya Mungu kwa watu wasio na hela ya sikukuu. Mwaka mmoja hutua wengi mpaka nyasi zinalemewa, mwaka mwingine unasikia tu kwamba wametua Bukoba na Muleba. Siku hizi watu huwatega kwa taa kali na mabati yanayowateremsha kwenye mapipa. Sisi tuliwaokota alfajiri kwenye majani yenye umande, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Mila ya Buhaya ilimtaka mke ampelekee mumewe senene, na mume ajibu kwa nguo mpya. Kuna padri aitwaye Mors aliyeandika makala nzima kuhusu senene wa Buhaya mwaka 1958, kwa hiyo jambo hili halijakosa msomi wake. Kwetu sisi Wanyambo wa juu huku tuliichukua mila nusu: senene walikwenda kwa yeyote aliyetukopesha kitu mwaka ule.

Kazi ya senene ni kuwachambua. Huondolewa mabawa, miguu na pembe, na vidole vya mchambuaji hupakwa majivu ili visiteleze. Tulikaa duara ukumbini, na mtoto mwenye usingizi alitambulika kwa kuacha miguu. Kisha ni sufuria na chumvi. Usiweke mafuta, wana yao ya kutosha. Moto uwe mdogo, ukoroge hadi wakauke na kuanza kulia kwenye sufuria. Wanaotaka kitunguu waweke, lakini wa zawadi wasiwekewe, kwa sababu kitunguu hufupisha maisha yao. Muhimu kuliko yote, wapoe kabisa kabla ya kufunikwa. Senene wa moto kwenye kopo hutoa jasho na wiki haiishi wameharibika. Waliokauka vizuri hufika Dar es Salaam kwa basi wakiwa wazima, na nimekaa mjini vya kutosha kujua kwamba mtu wa Kagera akipelekewa kopo la senene Desemba hukuuliza wa nyumbani mmoja mmoja kwa jina, wakati aliyepelekewa shati hukuandikia "asante" akaishia hapo.

Za watoto zilikuwa chache na za haraka: mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kamba hadi ukadunda, gari la waya lenye magurudumu ya kandambili zilizokatika, mwanasesere wa nyuzi za mgomba. Kaka zangu walizitengeneza wenyewe wakati wa kuchunga mbuzi na hawakutaka msaada wa mtu mzima. Mtoto anayetengeneza gari la waya amepata zawadi kabla ya gari kwisha, basi mpe waya na koleo umwache.

Mimi niliondoka Songambele kwenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kazi Mwanza, nikapata watoto wasiojua kuchambua mafunjo. Kwa miaka kadhaa nilirudi nyumbani kila Krismasi kama wanavyorudi wengine: katoni za juisi, biskuti, maua ya plastiki, begi likishuka Omurushaka limefungwa kamba. Kilichonirudisha kwenye kazi za mikono kilikuwa kadi. Shuleni tulikuwa tunafundisha stadi za kazi bila vifaa, nami nikaanza kuwaagiza wanafunzi waje na magamba makavu ya mgomba. Gamba moja lina rangi nyingi kuliko mtu anavyodhani: upande wa ndani ni wa maziwa, wa nje ni wa asali, lililokaukia mvuani ni karibu jeusi. Lilainishe kwa maji, lipige pasi ya mkaa juu ya kitambaa, likate kwa wembe: mlima, kibanda, mwanamke mwenye mtungi, ng'ombe wa pembe ndefu. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, utiwe maji ya ndimu kidogo usichache haraka. Bandika kwenye karatasi ya manila iliyokunjwa mara mbili, weka vitabu vizito juu hadi kesho. Wanangu nao wakaanza. Kadi za dukani zina theluji na paa ambaye hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwona. Kadi ya mwanangu ina mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko nyumba, na mama aliitundika juu ya redio.

Mgomba, hata hivyo, si malighafi isiyo na mashaka tena. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko bakteria uliingia Kagera, ukapita shamba kwa shamba. Unakata shina la mgomba, ndani unaona usaha wa njano. Wataalamu wakatufundisha kung'oa mgomba mgonjwa, kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Kwetu ikawa lazima kuacha zawadi iliyokuwa bora kuliko zote: machipukizi. Zamani maharusi walipewa machipukizi ya migomba ya ukoo, na mwaka wa pili walikula kutoka kwenye zawadi yao. Kuhamisha chipukizi kutoka shamba usilolijua ni kuhamisha ugonjwa, kwa hiyo siku hizi familia yetu hutoa mche wa parachichi ulioota kwenye pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini, au kilo ya mbegu za maharage zilizochaguliwa moja moja na kuchanganywa na majivu. Kwa kadi natumia magamba makavu ya mgomba mzima tu, na siyabebi kwenda shamba la mtu.

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nilicheka peke yangu gulioni. Wanawake waliokuwa wameacha kusuka walianza kuulizwa bei. Kikapu kikawa zawadi na kifungashio chake kwa pamoja: weka ndani maharage, kopo la senene, vifurushi viwili vya kahawa, funika na kitambaa cha kudarizi, na huhitaji karatasi ya kung'aa wala gundi ya utepe. Anayepokea hatakirudisha kitupu. Ukimpelekea jirani wa kwetu chombo, kitarudi na mayai, au viazi, au nanasi, hata kama kurudi kwake kutachukua hadi Pasaka. Hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu na wanaouliza zawadi ya nyumbani ina faida gani.

Butura bado ipo. Desemba iliyopita kijana mmoja wa ukoo wetu, mwenye watoto, alifuatwa jioni na mtu mwenye pesa. Mkewe alikuwa ameanza mapema: kofia za sufu zilikuwa tayari, kikapu cha mama mkwe tayari, senene walikuwa wamepatikana. Kilichokosekana ni nguo za watoto, nazo mama mkwe alizipunguza kutoka kwenye gauni zake mbili, akazitia rinda. Yule mtu alikunywa chai, akatafuna kahawa, akaondoka na daftari lake. Sisemi hatarudi, kijana yule ana mtoto anayeingia sekondari, na sare haifumwi.

Mwaka huu mafunjo yamekatwa mwishoni mwa Juni, mvua iliwahi kuisha. Shangazi ameshatuma ujumbe kwa simu, herufi kubwa tupu, kwamba asiletewe kikapu tena kwa sababu anavyo vya kuuza. Anataka ungo. Wa zamani umeliwa na panya ukingoni, na tukishindwa kuusuka tumwambie mapema atafute wa kununua.